Namba ya Bibi Inayoishia na Sufuri Saba

Ti. Ti. Ti.

Mama Kijino alifumbua macho gizani, akatega sikio. Kulikuwa hakujapambazuka bado. Kwanza alilishuku bomba la jikoni, kisha akakumbuka kwamba bomba lilikuwa kavu tangu juzi. Akaamka, akapapasa ukuta, akawasha taa.

Mezani kikombe cha plastiki kilikuwa kimelala ubavu. Maji yalikuwa yamepita juu ya vitufe vya kompyuta, yakaingia yalikoingia, na yaliyokosa nafasi yalikuwa yakidondoka sakafuni kwa adabu, tone baada ya tone. Kando ya meza alisimama binti yake wa miaka sita, ambaye kila mtu alimwita Kijino tangu meno ya mbele yalipong'oka likabaki moja. Alikuwa amevaa fulana ya baba yake, mikono ameiweka nyuma.

"Nilikuwa na kiu," alisema. "Sasa sina."

Mama mtu akakisimamisha kikombe. Hakuwa na uhuru wa kufoka. Kwa miaka miwili alikuwa akitoka kazini, kwenye shule ya chekechea, kwenda darasa la jioni kusomea cheti cha ualimu wa watoto wadogo, na mradi wake wa mwisho, kurasa thelathini na mbili, uliitwa "Mlezi Mtulivu: Namna ya Kumpokea Mtoto Aliyekosea." Ukurasa wa kumi na tisa ulimtaka mlezi avute pumzi na kuhesabu hadi kumi. Alihesabu. Alipotulia alikuwa amefika thelathini na nne.

Bahati njema mradi wenyewe haukuzama. Ulikuwa umehifadhiwa kwenye tovuti ya chuo, mzima, umebakiza kubonyezwa kitufe kimoja tu kilichoandikwa "Wasilisha." Angekibonyeza usiku ule kabla ya kulala, ila alitaka kuusoma ukurasa wa mwisho mara moja zaidi. Sasa tovuti ingefungwa kesho yake, Ijumaa, saa sita kamili mchana, na atakayechelewa, chuo kilikuwa kimetangaza kwa herufi nene, atarudia mwaka. Kwake mwaka mwingine maana yake ilikuwa mwaka mwingine wa kushika beseni na kufuta makamasi, huku mwenye cheti akisimama mbele ya ubao. Tena tovuti hiyo haikukubali simu. Simu, ilieleza, si chombo cha kitaaluma.

Ikabidi atafutwe fundi.

Fundi huyo alikuwa na kibanda chenye upana wa mlango mmoja, na humo ndani kompyuta zilizotumika zilipangwa wima kama vitabu. Akamchomolea moja nyeusi, akaiwasha, akaisifu.

"Hii, dada yangu, ilikuwa ya ofisi kubwa. Haijaguswa. Mwenyewe alikuwa anaitazama tu."

Na kweli ilifanya kazi vizuri kabisa, hadi alipofika nyumbani usiku, amechoka hoi, akaizima alale. Alipoiwasha tena Ijumaa asubuhi, baada ya kuomba ruhusa kazini, kioo kilimkaribisha kwa heshima zote: "Karibu tena, Mkurugenzi." Chini yake, kisanduku kikataka neno la siri la Mkurugenzi.

Akampigia fundi.

"Umeizima?" fundi aliuliza kwa uchungu. "Dada! Nani kakwambia uizime?"

"Kompyuta si huzimwa, kaka yangu?"

"Mpya huzimwa. Hizi zetu huwa tunazifunika tu. Haya, igeuze chini-juu. Kuna karatasi imebandikwa?"

Kulikuwa na karatasi. Mkurugenzi, mtu aliyeaminiwa na ofisi kubwa, alikuwa ameandika neno lake la siri kwa kalamu ya wino, akalizungushia duara, na kwa usalama zaidi akaandika juu yake "SIRI." Mama Kijino akaliingiza. Kompyuta ikamfungukia kama mlango wa sokoni. Saa ilikuwa tatu na robo, na akaona mambo si mabaya.

Akafungua tovuti ya chuo, akaandika jina lake na neno lake mwenyewe la siri, ambalo hakuwa ameliandika popote. Tovuti ikafikiri. Kisha ikasema:

"Hatukitambui kifaa hiki. Tumetuma tarakimu sita kwenye simu yako inayoishia na 07. Una nafasi tatu."

Simu yake haikuishia na 07. Akakaa kidogo, akilini akipitisha namba za watu wote anaowajua, na ghafla akaipata. Sufuri saba ilikuwa namba ya mama mkwe.

Hilo lilikuwa jambo la ukoo. Vijana walibadilisha laini kila kampuni ilipotoa ofa, lakini Bibi alikuwa na namba moja tangu simu zilipokuwa nzito kama matofali. Basi kila fomu yenye maana, iwe ya hospitali, ya kiwanja, ya shule au ya kazi, watu wa ukoo ule waliijaza namba ya Bibi. Mumewe naye, alipomsaidia kujisajili chuoni, alifanya kama alivyolelewa. Hakuna aliyefikiri itafika siku namba hiyo iulizwe kitu.

Kabla ya kumsumbua mzee, alijaribu chuo, ambako simu ilipokelewa baada ya saa nzima na nusu ya kupigiwa muziki.

"Tuandikie barua pepe," alisema mhudumu wa dawati la msaada, akitafuna kitu. "Ila itoke kwenye anwani yako ya mwanafunzi, ili tujue ni wewe."

"Anwani hiyo ndiyo imefungwa, ndugu yangu. Ndiyo naomba mnifungulie."

"Sawa kabisa. Sasa ukishaifungua, tuandikie, tutakusaidia kuifungua."

"Nikishaifungua mtanisaidia nini?"

"Kuifungua," alisema mhudumu kwa upole wa mtu aliyehudhuria mafunzo ya huduma kwa wateja. "Kuna lingine?"

Hakukuwa na lingine. Akampigia mama mkwe, aliyekuwa akiishi safari ya nusu siku kutoka pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi mama, mkweo. Mama Kijino."

Sauti ya Bibi ikarudi, nyembamba, ya tahadhari: "Unataka namba?"

"Umejuaje mama?"

"Ehe! Nilijua tu! Matapeli wote mnaanza na shikamoo."

Mama Kijino akashika kichwa. Alikuwa amesahau semina. Mwezi uliopita kikundi cha kina mama kilileta mtaalamu wa kuwafundisha juu ya wezi wa mitandaoni, na mtaalamu akawaapisha kwamba namba za siri hazisomewi mtu yeyote, hata awe nani, hata alie. Bibi alitoka pale akiwa mwenyekiti wa kamati ya ulinzi. Tangu siku hiyo shemeji mmoja hakuweza kupata majibu yake ya hospitali, na mjomba alisafiri kutwa nzima kufuata tarakimu nne ambazo zilikuwa zimekufa kabla hajapanda gari.

"Mama, ni mimi. Niulize chochote."

"Siku ya harusi nilikupa nini?"

"Sufuria, mama."

"Nani hapewi sufuria?" Bibi alicheka kwa dharau. "Ya rangi gani?"

"Ya... ya bati, mama. Rangi ya sufuria!"

"Tapeli mzuri wewe. Umejiandaa."

"Mama, nikikosa leo narudia mwaka mzima. Kuanzia mwanzo."

Bibi hakuwa na roho mbaya. Ndiye aliyekuwa akimwombea mkwe wake kila jioni aje awe mwalimu, akiwatambia majirani kana kwamba cheti kimeshatundikwa ukutani. Akasema kwa sauti ya chini, "Ngoja nikate niangalie. Simu yangu hii nikisoma siwezi kuongea."

Akakata. Dakika zikapita. Alipopiga tena alisoma tarakimu sita kwa madaha, moja moja, na Mama Kijino akaziingiza. Tovuti ikasema si zenyewe.

"Mama, hiyo ni ya leo kweli?"

"Humu zimejaa, mwanangu. Kuna ya mjomba, kuna ya shangazi, kuna ya wale wanaoniambia nimeshinda gari. Nimeandika na nyingine, chukua."

Ile nyingine nayo haikuwa yenyewe. "Imebaki nafasi moja," tovuti ikaonya kwa wino mwekundu, na hapo hapo ikajigamba kwamba imetuma tarakimu mpya. Saa ilikuwa tano na dakika ishirini na tano.

Bibi akakata tena kuangalia. "Imeingia mpya!" alisema alipopiga, kisha akashtuka mwenyewe. "Hebu subiri. Mbona kila nikikusomea, hujaridhika? Mbona unataka zote? Mtaalamu alisema hivi hivi! Kwamba watakuja kwa huruma, watasema shule, watasema mtoto..."

"Mama, nakuomba."

"Nipe mjukuu wangu."

Kijino alikuwa chini ya meza akimfunga mdoli bandeji; siku hiyo hakwenda shule kwa sababu ya kikohozi chake. Akapewa simu, na mama yake akaiweka kwenye spika.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Sasa sikiliza nikuulize, na ujibu vizuri. Siku ile mama yako alipokuja kukuchukua kwangu, kabla hajafika, mimi na wewe tulikula nini?"

Kijino akainua macho, akamtazama mama yake. Mama yake akamtolea macho ya kubembeleza: sema mwanangu, sema. Mtoto akabana midomo. Akatikisa kichwa, ingawa Bibi hakuweza kumwona.

"Kijino, jibu Bibi," mama alinong'ona.

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?" Bibi aliuliza.

"Bibi, si ulisema nisimwambie mtu? Na mama yuko hapa anasikia."

Upande wa pili ukalipuka kigelegele kilichoifanya simu ikwaruze.

"Huyo! Huyo ndiye damu yangu! Tapeli angesema palepale!" Bibi alishusha pumzi, furaha imemjaa. "Haya. Namba nitampa yeye. Nimeiandika mkononi kwa kalamu. Lakini wewe unayejiita mkwe, geukia ukuta."

"Mama?"

"Mtaalamu alisema asione mtu. Mtoto nimemhakiki, wewe bado. Kijino, ameugeukia?"

"Bado, Bibi."

Basi Mama Kijino, mwalimu mtarajiwa, mtunzi wa kurasa thelathini na mbili juu ya heshima kati ya mkubwa na mdogo, akainuka kitini, akasogea hadi pua yake ikakaribia rangi ya ukuta iliyobanduka, akakunja mikono. Ndivyo walivyosimamishwa watukutu pale chekechea, jambo ambalo ukurasa wa ishirini na sita ulililaani vikali. Nyuma yake akasikia kiti kikiburutwa na mwanawe akipanda.

"Amegeuka, Bibi."

"Nne. Umeiona nne?"

"Ile yenye kiti?"

"Hiyo hiyo. Bonyeza mara moja tu."

Tik. Mama alihesabu pumzi. Sita. Tik. Moja. Hapo pakatokea kimya kirefu, kwa sababu moja, kumbe, ilikuwa mbali sana kwenye kona. Alitamani kugeuka hata kwa jicho moja. Akaikaza shingo. Kama mtoto angekosea, hakungekuwa na nafasi ya nne, na hakuna ukurasa wowote aliouandika uliosema mlezi afanye nini hapo. Tisa. Tik. Sufuri. "Ya duara, mjukuu wangu." Tik. Tatu.

"Nimemaliza, Bibi."

"Sasa bonyeza kile kitufe kikubwa kuliko wenzake. Taratibu. Usikipige."

Tik.

Feni ya kompyuta ya Mkurugenzi ikaanza kuvuma kama mtu anayepanda ngazi. Mama alifumba macho, paji la uso limegusa ukuta. Saa ya ukutani, juu kidogo ya kichwa chake, ilionyesha saa tano na dakika arobaini na moja.

"Mama," Kijino alisema, "geuka, imefunguka."