Mhojiwa wa Nne

Nilianza chuo kikuu nikiwa na miaka arobaini na sita, na sikuona haya hata chembe. Shemeji yangu alinitania kwamba nitahitimu nikiwa na meno ya bandia. Nikamjibu kwamba afadhali mimi nitakayecheka na cheti mkononi. Kozi yetu ilihusu jinsi watu wanavyojifunza maisha yao yote, na ilikuwa na wahadhiri watatu katika chumba kimoja: wa saikolojia, wa sosholojia na wa uchumi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, basi kuwatazama ilikuwa burudani. Wa uchumi alisema mtu mzima husoma ili apate kazi nzuri, wa sosholojia akasema husoma kwa sababu ya wenzake, na wa saikolojia alitabasamu tu akisubiri wachoke.

Alhamisi ile walitugawia nakala za mahojiano na mwanafunzi mmoja wa kisomo cha watu wazima. Jina lilikuwa limefutwa, ameandikwa Mhojiwa wa Nne. Tulitakiwa tuyasome kwa sauti, kisha tuseme mtu huyu anajifunza nini na kwa nini. Msomaji wa darasa ni mimi. Sauti ninayo, na mazoezi pia: kwa miaka ishirini na miwili nimemsomea mume wangu kila kitu, maana yeye shule aliiacha kabla haijamshika. Namsomea ujumbe wa simu, maelekezo ya dawa, na zamani barua za mama yake. Mama mkwe alipoteza kusikia uzeeni, simu ikawa haina maana kwake, akawa anaandika.

Nikasimama, nikasafisha koo.

"Mimi ni fundi wa kuchomelea," nikasoma. "Mageti ya mtaa wetu karibu yote nimeyatengeneza mimi, lakini maandishi ya juu yake nilikuwa nachorewa na watu kwa chaki, mimi nafuatisha."

Tukacheka wote. Mafundi wa kuchomelea wako wengi.

"Nina mapacha, wako sekondari. Mama yao yuko chuo kikuu. Nikaona nitabaki peke yangu nyuma. Jumanne na Ijumaa nawaambia nakwenda kwa wateja, kumbe niko darasani."

Jumanne na Ijumaa! Siku hizo mume wangu, Baba Pacha, alikuwa akirudi na mikono misafi, nami nilishaanza kumtafuta huyo mwanamke kimyakimya. Furaha ilinipanda hadi machozi yakanilenga. Nilitaka kuwaambia wenzangu kwamba fundi huyu ni wangu. Nikageuza ukurasa. Mhoji alikuwa amemwuliza kitu cha kwanza alichojisomea mwenyewe.

"Barua za mama yangu," nikasoma. "Ninazo zote kwenye boksi la vifaa. Ya mwisho ndiyo iliyonichanganya. Ina mistari miwili ambayo sikuwahi kuisikia."

Mistari ile niliijua kwa moyo. *Mwanangu, nguvu zimeniishia. Njoo ukae nami kabla sijaondoka.* Barua hiyo ilifika wiki ileile iliyofika yangu ya kukubaliwa chuoni. Kwao ni safari ya siku mbili, naye ni mtoto wa pekee. Angefunga karakana akae huko miezi, nyumba na mapacha vingeniangukia mimi, na chuo ningekisikia redioni. Basi nikamsomea salamu, nikamsomea habari za mbuzi aliyezaa, na mistari ile nikairuka. Nilijiambia nitamwambia wiki ijayo. Kabla miezi miwili haijaisha, mama alifariki. Baba Pacha alilia kifuani kwangu akiuliza kwa nini mama hakusema kwamba anaumwa.

"Endelea, mama," akasema mhadhiri wa saikolojia.

Watu kumi na tisa walikuwa na karatasi ileile mkononi. Hapakuwa na pa kuruka.

"Nilidhani nimekosea," nikasoma. "Mimi bado najifunza. Mwezi uliopita nikampa mke wangu barua ile, nikamwomba anisomee tena. Nikakaa ubavuni mwake, nikawa nafuata kwa macho. Alipofika pale, akaruka tena."

"Mungu wangu," mtu akasema nyuma. "Huyo mwanamke ana roho gani?"

Mhadhiri wa saikolojia akanigeukia akaniuliza, kwa upole wake uleule, huyu baba anajifunza nini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliweka karatasi mezani, nikatoka, begi nikaliacha.

Nilimkuta karakanani mbele ya nyumba, miwani ya kuchomelea ameipandisha juu ya kichwa.

"Baba Pacha, nipe barua ya mama."

Hakuuliza ipi. Niliisoma nimesimama, salamu, mbuzi, mistari miwili, mpaka mwisho. Alifuata kwa kidole, na kidole hakikupotea hata mara moja.

"Nisamehe," nikasema. "Niliogopa kukosa chuo."

"Ungeniambia tu kwamba unaogopa." Alisema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniua. "Tungemleta mama hapa."

Miaka mitatu nimesomea akili za watu, na wazo hilo halikuwahi kunijia. Alichukua barua mkononi mwangu, akaikunja.

"Kuanzia leo usinisomee kitu, Mama Pacha. Nitajisomea."

Akashusha miwani, akarudi kwenye geti la watu.