Maikrofoni ya Kisogoni

Mtaani walimwita Geuka, na jina lilimkaa. Matubwitubwi yalimharibia sikio la kulia akiwa darasa la pili, na mwenye sikio moja husikia vizuri tu, ila hajui sauti imetoka wapi. Ukimwita kutoka dukani, anageukia barabarani. Ukimwita kutoka barabarani, anaangalia juu, kana kwamba umepanda paa.

Alikuwa fundi wa redio na simu, na jambo hilo alilifanyia mzaha mpaka siku mama mkwe alipokuja kuwatembelea. Mama wa watu alipiga hodi mlangoni. Geuka aliruka kitini, akainama kwa adabu zote, akaliamkia kabati. Mkewe, fundi cherehani, alicheka hadi pini alizozibana mdomoni zikamwagika. Mama mkwe hakucheka.

"Nitatengeneza kitu," Geuka alimwambia mkewe jioni ile. "Siwezi kuzeeka naamkia makabati."

Alichukua kofia, akaweka maikrofoni mbili, moja kila upande. Sauti ya kulia huifikia maikrofoni ya kulia mapema kidogo. Kifaa kilipima tofauti hiyo, kisha kimota cha simu mbovu kikatetemeka upande ule ule. Baada ya miezi mitatu kofia ilifanya kazi, lakini si kila mara. Mkewe akimwita kutoka mbele au nyuma, sauti ilifika pande zote mbili kwa pamoja, na kofia ikachanganyikiwa kama mwenyewe.

Alikuna kichwa wiki nzima.

"Mimi nikimpima mteja mbele peke yake, gauni halimkai mgongoni," mkewe alisema siku moja, macho yakiwa kwenye mshono. "Weka nyingine kisogoni."

Aliweka, pamoja na kimota chake. Sasa ikawa kelele tupu, kwa sababu maikrofoni ilisugua kola ya shati. Mkewe alimnyang'anya kofia, akashona kifuko cha tabaka mbili chenye sifongo katikati, akaitumbukiza maikrofoni humo. Geuka aliivaa kofia, akatoka. Nyuma yake baiskeli ikapiga kengele. Kimota cha kisogoni kikatetemeka, akasogea pembeni bila hata kutazama. Alisimama pale kando ya barabara akitabasamu peke yake, watu wakimpita.

Akaomba hataza, ile hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi. Ofisa aliyeshughulikia ombi lake, mama mmoja mwenye miwani mizito, alimwita ofisini.

"Kofia za maikrofoni mbili zimejaa humu," alisema, akigonga faili. "Hata za maikrofoni tatu zipo. Kipya ni hiki kifuko, jinsi kinavyoishika hii ya nyuma isisikie nguo. Ni wazo la nani?"

"La mke wangu."

"Mbona hayumo kwenye fomu?"

"Nilidhani... ule ni ushonaji tu."

"Sheria haiulizi kama ni ushonaji, baba. Inauliza nani amevumbua. Tukimwacha nje, hati yenyewe inaweza kufutwa. Kamlete."

Alirudi nyumbani na aibu yake, akamweleza mkewe yote, hata lile la "ushonaji tu". Mkewe alisimamisha cherehani.

"Umesema hivyo? Mbele ya watu?"

"Nimesema. Nisamehe, mama."

"Sawa. Kesho sare za kwaya utazipiga pasi wewe. Mimi nina safari ya ofisini."

Alikwenda amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, na ofisa aliisifia kola yake kabla ya kumpa kalamu. Kwenye mstari wa kazi alisita.

"Niandike kitu kikubwa zaidi?"

"Andika unachofanya."

Akaandika: Fundi cherehani. Akatia sahihi taratibu, herufi moja moja.

Hati ilikuja baada ya mwaka na nusu, yenye majina mawili. Siku hiyo mke alifunga kazi saa sita mchana. Walikula bila haraka, hati ikiegemea chupa ya maji, kila mmoja akiisoma kwa zamu. Kisha mke akavuta karatasi ya kukatia vitambaa na chaki.

"Watoto wenye shida kama yako je?" aliuliza. "Vichwa vyao vidogo, masikio yamekaribiana. Vipimo vyako vitafaa?"

"Havitafaa," Geuka alisema, akisogeza kiti karibu. "Hebu chora."