Saa Kumi na Sita hadi Winnipeg

Kosa lilikuwa langu, tena la kitaalamu. Mama Dorcas aliponiuliza mwanawe Fidele angetumia saa ngapi angani hadi Kanada, nilichukua tufe la shuleni, nikapima kwa uzi kutoka Dar es Salaam hadi Winnipeg: kilometa elfu kumi na tatu na mia saba. Nikagawanya kwa mwendo wa ndege. "Saa kumi na sita," nikamwambia, kwa madaha ya mtu anayefundisha jiografia na hajawahi kupanda ndege. Kubadilisha ndege mara mbili na kulala uwanjani havimo kwenye uzi.

Mimi ni Mwajabu, mtu wa Lindi. Nilipangiwa kazi Kibondo miaka minne iliyopita, na nimepanga chumba kwa mama huyo; Dorcas ni jina lake mwenyewe, si la mtoto. Wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi; mumewe amefariki, mtoto ni huyo huyo mmoja. Tangu Fidele aondoke, ufagio haukugusa nyumba. Nyuma ya msafiri hakufagiwi mpaka afike, usije ukafuta nyayo zake. Hata kwetu wapo wanaoamini hivyo. Mimi nilicheka.

Saa kumi na sita zikapita, simu haikulia. Zikapita siku mbili. Mama Dorcas aliketi kizingitini, simu yake ya batani mapajani, chakula hagusi.

"Mwalimu, ulihesabu vizuri?"

Nilitamani kulitupa lile tufe chooni.

Siku ya tano nikaona kwenye simu yangu picha ambayo Fidele aliiweka mtandaoni: koti kubwa, theluji hadi magotini, anacheka. Kumbe alifika tangu siku ya pili. Nilimwandikia kwa hasira kwamba hana haya, ampigie mama yake. Kisha nikamkimbilia mama na picha.

"Imana ishimwe," alimshukuru Mungu kwa lugha ya kwao, akigusa kioo kwa kidole. "Amekonda."

Hakuwa amekonda. Nikamletea ufagio. Alikwenda nao hadi chumbani kwa Fidele, ambako udongo mwekundu ulikuwa umekauka sakafuni na alama za raba zake. Akasimama. Kisha akanirudishia ufagio.

"Si amefika, mama?"

"Hajaniambia yeye."

Wiki iliyofuata, Fidele akiwa bado hajapiga, nilikwenda semina Kasulu, siku tatu. Kasulu ni hapo tu, saa chache za basi. Nani anatoa taarifa kwa safari kama hiyo? Kwa miaka minne nimezoea kwamba nikiondoka hakuna anayetazama saa, na upweke ukishauzoea unaufanya ndiyo tabia yako. Nilifika, nikala, nikalala.

Niliporudi, uani kulikuwa kumejaa majani ya mparachichi, maganda ya maharage na kinyesi cha kuku cha siku tatu. Nikadhani mama anaumwa. Alikuwa kizingitini, simu mapajani.

"Mwalimu. Umefika?"

Nilishindwa kumtazama. Mimi niliyemtukana Fidele!

"Nimefika, mama. Nisamehe."

Akajishika goti, akainuka, akachukua ufagio na kuanzia mlangoni kwangu. Alifagia uani kote, akafagia jikoni, akafagia ukumbini. Alipofika kwenye chumba cha Fidele aliurudishia mlango taratibu, akapita.