Ncha ya Waya

...na tena mshale wa kipimo umelala pale pale kwenye sifuri, haujatikisika hata kidogo, na baba anasema, "Sogeza mwanga, Batuli," naye anasogeza, basi, yeye aliyekuwa akiwanyamazisha wavulana wa mwaka wa tatu kule kampasi Bujumbura leo amegeuzwa kinara cha taa, ashike tochi huku baba yake akitengeneza mashine ya kuchajia batri za lori lile, lori la jeshi lililozimika asubuhi nje ya karakana ya kiwanda cha mawese, batri zake ziko hapa sakafuni, zikijaa litawaka, likiwaka litakwenda shuleni kuwachukua waliofungiwa darasani, na Roger yumo, Roger jirani yao, karani wa mizani, na kati ya waliopandishwa lori lile tangu vita vya mwezi wa nne hajarudi hata mmoja, Rumonge nzima inajua, na baba anajituma! mzee Mustafa fundi hodari, anafuta jasho, anavitaja vifaa kwa sauti kama anasomesha, "Fyuzi nzima, shefu... moto wa jenereta unafika... transfoma unaisikia, inanguruma," kwa nani anajipendekeza hivi, kwa huyu sajini aliyekalia pipa na bunduki mapajani? "Mzee, kama kila kitu iko nzima, mbona haichaji? Ao iko mtu anatuchezea?" ...mtu, haya, sasa litatafutwa jina la mtu, na Batuli anamtazama Maneno, msaidizi wa baba, ameegemea mlango, juzi alikuwa akicheka na askari, akiwawashia sigara, anacheka nini Rumonge hii, nani anacheka siku hizi bila kulipwa kitu... Casimir wa darasa lake kule kampasi aliitwa mlangoni katikati ya somo, akasema narudi, akaacha kalamu bila kifuniko juu ya meza, na profesa akaimalizia sentensi yake, akaimalizia! ikaandikwa na darasa zima, na mtu fulani alikuwa amemtaja Casimir, mtu aliyekula naye, kwa hiyo usimwambie Batuli habari za mwenzetu huyu na mwenzetu yule... "Chini kidogo," anasema baba, na mwanga unateleza nyuma ya vile vibati vinavyogeuza umeme ili batri iupokee, na hapo anauona, waya, hauko kwenye bolti yake, haukuungua, haukukatika, umechomolewa na mkono wa mtu ukakunjwa kando, na ni Maneno! nani mwingine, amechomoa ili fundi mkubwa aonekane mhujumu, apandishwe lori hilo hilo, karakana ibaki yake, hoja imekamilika na ushahidi huu hapa, neno limefika kwenye meno, shefu njoo utazame... ila ncha ya waya imeviringwa kitambaa. Cha maua ya zambarau. Kitenge cha mama kilichochakaa, ambacho baba hukichana vipande na kuvitia mfukoni, kwa sababu baba hawezi kuacha ncha wazi, hata ya redio ya nyumbani, atakayeingiza mkono baada yangu naye ana watoto, ndivyo asemavyo, na anayemchongea mwenzake anajali mkono wa nani utaungua? hajali... baba. Baba mwenyewe, na ndiyo maana anapima kila mahali isipokuwa hapa, anapima tena kilichokwisha kupimwa, anaula mchana, usiku mmoja tu anautaka, dirisha la darasa lile halina nondo na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na yeye Batuli tangu asubuhi anamdharau moyoni... "Wacha na mimi niangalie, mzee," anasema Maneno, anakuja, Maneno anayekijua kitambaa kile, na Batuli ambaye hajawahi kuacha kosa la mtu lipite anauinua mwanga, taratibu, mpaka kwenye fyuzi, "Hii mliipima vizuri, baba?" na Maneno anainama, anatazama kule kule kwenye giza, anatazama kwa muda mrefu mno, kisha, "Mimi sioni kitu," na ameona au hakuona? na kama ameona, siri hiyo anaiweka kwa faida ya nani, atamwambia nani jioni, hata wema wake unanuka... "Mamzeli wa kampasi! Wewe umesoma, iko nini humo?" Sajini ameshuka kwenye pipa. "Mimi nasoma sheria, shefu," anasikia sauti yake, nyembamba, ya binti wa watu, "mambo ya mashini ni ya wanaume, siyajui," na mtu angemwambia maneno hayo kampasi angemla mzima, lakini yametoka laini kama mafuta, na sajini anacheka, "Sheria! Sheria gani tena?" anacheka mpaka anakohoa, acheke, acheke mpaka jua lizame... "Ufunguo wa kumi, mwanangu," anasema baba bila kugeuka, mkono wake uko nyuma, wazi, unangoja, na ufunguo wa kumi, spana ya bolti ndogo, upo juu kabisa ndani ya sanduku, unang'aa, mtu hawezi kuukosa, na Batuli anaupita, anachukua wa kumi na saba, anauweka kwenye kiganja kile, na kiganja kinaupima uzito, kinatulia, kinaujua, "Ahsante, mama," anasema baba, na hajawahi kumwita hivyo, kisha anaanza kuuzungusha, polepole, kwa uangalifu wote wa kazi yake, juu ya bolti ambayo ufunguo ule hauwezi kuishika.