Figo Haina Akili

Figo haina akili. Nasema hivi kwa haki zote, maana mimi mwenyewe nimewahi kuwa figo.

Mwalimu wetu wa patofiziolojia, somo ambalo hata jina lake ni la kung'oa meno, ana tabia moja ya ajabu. Tulimpachika jina la Presha kwa sababu akiingia darasani kila mtu inampanda. Presha haamini ubao. Akitaka kutufundisha jinsi mwili unavyoharibika anatusimamisha mbele, kila mtu na kiungo chake, halafu tunaugua mbele ya wenzetu mpaka tuelewe. Ijumaa hiyo yule jamaa mnene anayesinzia tangu mwaka wa kwanza alipewa moyo. Wasichana wawili wanaokaa chumba kimoja bwenini na hawasalimiani wakapewa mapafu, mmoja la kulia na mwingine la kushoto. Mimi nilikuwa nacheka, basi nikapewa figo.

"Moyo umechoka," Presha akatangaza. "Unasukuma kidogo kidogo. Figo, umeletewa damu kiasi gani?"

Yule mnene alikuwa amenipa maji nusu kikombe cha plastiki. "Kiduchu," nikasema.

"Kwa hiyo unawaza nini?"

"Nawaza mwili umekauka."

"Na ukiwaza hivyo unafanya nini?"

Nikajibu kwamba nabana mkojo. Nabana maji, nabana na chumvi, hata tone halitoki. Darasa likaangua kicheko. Presha hakucheka, akaniamuru nirudishe maji kwa moyo, na mengine niongezee kutoka kwenye ndoo. Nikarudisha. Akasema tena, nikarudisha tena. Yule mnene akaelemewa na vikombe, vikamponyoka vikawamwagikia mapafu, na mapafu, ambayo yalikuwa hayajasemezana tangu muhula uanze, yakaanza kutukanana.

"Mmeona?" Presha akasema. "Mwili haukukauka. Pampu ndiyo mbovu. Lakini figo haina macho, inajua kile inacholetewa tu. Inasaidia kwa nia safi kabisa, na msaada wake ndio unaomzamisha mgonjwa. Na kabla hajazama, mnaweza kukaa naye miezi mnaona mambo shwari, kwa sababu kila kiungo kinaziba pengo la mwenzake. Huko ndiko kufidia. Mgonjwa anayefidia huwadanganya manesi wajinga."

Hapo akanitazama mimi. Sijui nilimkosea nini.

Sasa, wanafunzi wa unesi tuna wazimu wetu: ugonjwa tunaousoma ndio tunaougua. Wiki ya ini bweni zima tulikuwa tunapigana vikumbo kwenye kioo kutazama kama macho yamekuwa ya njano. Kwa hiyo Jumamosi nilipokwenda nyumbani, nilikwenda nikitafuta aliyevimba. Nilitarajia awe jirani. Ukweli ni kwamba nilitaka kuringa kidogo.

Nyumbani ni ghorofa ya juu kabisa kwenye jengo ambalo mwenye nalo hakuwahi kuota habari ya lifti. Mama ni fundi cherehani, anaitwa Mama Pindo mtaa mzima, kwa sababu pindo lake hata ukilitafuta kwa darubini huoni uzi. Mdomo wake nao hauna pindo, unakatika pale unapokatika. Nilimkuta mezani na kitambaa, amevaa gauni refu la kufagia sakafu, na miguuni ana ndara za nguo alizozishona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa, laini, zimeachwa wazi ubavuni na kufungwa kwa utepe.

"Zimependeza," nikasema.

"Jirani wa chini kaniagiza jozi mbili," akajibu. "Ndiyo fasheni sasa. Wewe bado uko na viatu vya plastiki kama muuza samaki."

Kaka yangu, ambaye ni kinyozi na Jumamosi ndiyo siku ya vichwa vingi, alikuwa amekaa kwenye cherehani akikanyaga pedeli huku Mama akiongoza kitambaa. Nikamuuliza kulikoni. Akasema anafanya mazoezi ya mapaja. Mara Baba akaingia na kapu la sokoni. Baba yangu alikuwa dereva wa lori mpaka alipostaafu, na enzi zake ukimpa kapu ni kama umemtukania ukoo. Leo kalibeba, na vitunguu vinachungulia.

Kwenye kiti cha kuegemea pale sebuleni palikuwa na blanketi na mito mitatu. Nikauliza nani analala hapo.

"Mama yako," Baba akasema, bila kuniangalia. "Mimi siku hizi nakoroma. Nakoroma vibaya sana."

Baba yangu hajawahi kukoroma. Analala kama amezimwa. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunamshika pua kuhakikisha kama yupo. Hapo hapo nilishaelewa, na nilikuwa sitaki kuelewa.

Nikapiga magoti mbele ya Mama, nikajifanya nataka kuona utepe umeshonwaje. Nikapandisha gauni kidogo na kumbonyeza kwenye muundi kwa dole gumba, nikahesabu taratibu, nikaachia. Shimo likabaki. Lilikaa pale kama nimebonyeza unga uliokandwa.

Mama akalishusha gauni kwa nguvu. "Unatafuta nini huko chini? Ulishatoka humo, huna haja ya kurudi."

"Mama, umevimba."

"Nimenenepa."

"Miguu peke yake?"

"Kila mtu ananenepa anapopenda."

"Ukilala chali unakosa pumzi. Ndiyo maana unalala umekaa."

"Baba yako anakoroma, hujasikia?"

"Mficha maradhi kilio humuumbua, Mama."

"Na mtoto anayemletea mama yake habari za kilio asubuhi asubuhi, huyo huumbuliwa na nini?" Akasema hivyo akavuta pumzi katikati ya sentensi. Mama yangu, ambaye alikuwa na uwezo wa kumsema mtu kuanzia mlangoni mpaka kituoni bila kumeza mate.

Nikawavuta Baba na kaka jikoni. Baba akaniambia nisilete makuu, mama yangu hajambo, akipumzika anakuwa sawa. Nikamwambia anakuwa sawa kwa sababu hafanyi kitu, kila kitu mnamfanyia nyinyi. Kaka akauliza kama nataka aache kumsaidia mama yake, atakuwa mtoto wa namna gani. Mama naye alikuwa ameachia mishono ya magauni yake yote na kujishonea ndara ili uvimbe usionekane, na watu wanampa hongera. Nyumba nzima ilikuwa inafanya kazi ya kuficha, na kila mmoja kwa mapenzi.

"Nyinyi ni mafigo," nikawaambia.

Walidhani ni tusi. Lilikuwa tusi.

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la mama yangu linasikia ukimchokoza. Uzi mweusi ulipokwisha na kaka akainuka kwenda kununua, nikamwambia akae.

"Mama ataenda mwenyewe. Si hajambo?"

Nikasema mbele ya wote: akishuka mpaka duka la chini na kupanda bila kushikwa na mtu, sitatamka neno hospitali tena. Akishindwa, tunaondoka leo hii.

"Utanyamaza kweli, Chiriku?" Mama akauliza. Ndilo jina alilonipa tangu naanza kuongea.

"Nitanyamaza."

"Hilo tu linatosha kunishusha ngazi."

Presha angejua angenifukuza chuo. Mtu ambaye moyo wake unamshinda hapandishwi ngazi kwa ubishi, hilo hata mwaka wa kwanza wanajua. Nilijua, nikafanya. Nilimtuma kaka atangulie asimamishe teksi mlangoni, asiondoke hata dereva akilalamika. Tukasimama juu, mimi na Baba.

Kushuka alishuka. Tulimsikia dukani akimlaumu muuzaji kwamba weusi wa uzi wake una walakini. Kisha akaanza kupanda. Kwenye kona ya kwanza akasimama, akaanza kukagua rangi ya ukuta na kumsema mwenye jengo, neno moja, pumzi, neno jingine, pumzi. Akapanda tena. Kona ya pili hakusema kitu. Akashika ukuta, akateleza taratibu, akakaa kwenye ngazi na uzi wake mkononi. Kutoka pale juu nilisikia kifua chake kikikoroga maji.

Baba akataka kushuka. Nikanyoosha mikono nikaziba njia.

"Toka."

"Baba, ukimbeba mpaka juu ataketi kwenye kiti chake, na utasema hajambo. Mwache aseme mwenyewe."

Akainua mkono. Baba hajanipiga tangu nikiwa wa kubebwa, lakini siku hiyo mkono ulifika juu kabisa na nikafumba macho.

"Usimguse," Mama akasema kutoka chini. Sauti ilikuwa vipande vipande. "Nimechoka. Nipelekeni."

Nikashuka mbio, nikakaa ngazi ya chini yake ili aniegemee begani kama kiti cha mbele kwenye basi. Midomo yake ilikuwa imeshabadilika rangi. Kwa hasira nikamuuliza kwa nini hakusema, kwa nini miezi yote hii ananishonea uongo.

"Bibi yako alipopooza," akasema, "nani aliacha shule?"

Nilijua. Tunajua sote, ila haizungumzwi. Mama alikuwa amefaulu kwenda chuo cha ualimu. Watoto wengine walikuwepo, wa kiume, lakini yeye ndiye aliyeambiwa ana mkono mwepesi. Cherehani alijifunzia pembeni ya kitanda cha mgonjwa, na alipozikwa mgonjwa, chuo kilikuwa kimeshasahau jina lake.

"Ningesema naumwa," akavuta pumzi, "macho yote yangekugeukia wewe. Nesi yupo nyumbani. Nani mwingine atafutwe?"

Nilitaka kubisha. Mimi nabishana hata na redio. Lakini alikuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu kichwani ni vitabu vipi nitamwachia nani.

Baba alimbeba kushuka. Hakumbeba kwenda juu.

Hospitali walimpa oksijeni na dawa ya kumkojoza, wakamwinua kitanda upande wa kichwa. Daktari, mwanamama mwenye uchovu wa zamu mbili, alitueleza kwamba moyo umedhoofika kwa presha ya muda mrefu, maji yamepanda mpaka kwenye mapafu, mngechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine. Ataishi, akasema, tena anaweza kuishi sana, ila si kwa kubahatisha. Dawa kila siku kwa saa yake. Chumvi iachwe. Apimwe uzito kila asubuhi, akiongezeka ghafla arudishwe. Na awepo mtu wa kumkatalia, maana ameshamtazama na ameona ni mtu wa aina gani.

"Nani atakaa naye?" akauliza.

Baba akageuka akanitazama. Kaka akageuka akanitazama. Sisemi walikuwa na ubaya. Shingo zilijigeukia zenyewe, kama alivyosema Mama ngazini. Na mimi, na mdomo wangu wote huu, nilikuwa nimeshaufungua, na neno lililokuwa linatoka ni "mimi".

Mama akaivuta barakoa ya oksijeni ikatoka usoni. Nesi wa zamu akamkaripia. Hakumjali. Alinyoosha mkono wenye sindano ya dripu, ukapita mbele yangu, ukapita mbele ya kaka, ukasimama kwa Baba.

"Huyu," akasema. "Akiacha shule huyo mtoto, naziacha dawa."

"Mimi?" Baba akasema. "Mimi hata chai sijui kupika."

Pumzi ya Mama iliishia hapo. Mkono tu ndio uliobaki pale hewani ukimwelekea, na ilikuwa wazi kwamba hautashuka mpaka apatikane mtu. Baba akavuta kiti, akakaa mbele ya daktari kama mwanafunzi aliyechelewa kujiandikisha.

"Nianzie wapi?" akauliza. "Hiyo chumvi, hata kwenye mboga?"

Nesi akamrudishia Mama barakoa. Mama akanigeukia, akanipungia mkono, si ule wa kwaheri, ule wa kumfukuza kuku mlangoni. Nikabeba begi langu la chuo. Nilifika koridoni nikakaa sakafuni, nikalia kwa sauti mpaka mfagiaji akaweka ufagio chini akaniuliza kama nimefiwa.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia nina mama.