Wino Kwenye Dole la Baba

Kitu cha kwanza binti alichokiona asubuhi ile ni wino wa bluu kwenye dole gumba la baba yake. Baba alikuwa ameshika kikombe cha chai, na wino umeingia hadi kwenye mikunjo ya ngozi. Baba hajui kuandika. Akiwa na wino, ameweka dole mahali.

Akajua ni wapi. Tangazo la ndoa yake lilikuwa ubaoni kwa msajili wiki ya tatu sasa, na baba alishasema, mara moja tu: "Mtoto wa yule msimamizi? Nitakwenda kuipinga." Msimamizi ndiye aliyesaini karatasi iliyomtoa baba kiwandani baada ya miaka kumi na tisa.

Hakumuuliza. Alichukua mkoba akaenda kazini, kwa dobi.

"Bibi harusi gani anapiga pasi mashuka ya hoteli?" mama aliyefanya naye kazi alimtania. "Si mnafunga ndoa leo saa nne?"

"Baba ameipinga."

"Kakwambia?"

"Nimeona."

Alinyoosha mashuka manne, la tano akaliunguza. Akatoka nje kumpigia mchumba wake, huyo mtoto wa msimamizi, fundi wa kuchomelea. Saa sita basi la kampuni lingewapeleka mafundi mgodini. Mwenye cheti cha ndoa angepewa chumba aende na mkewe. Asiye nacho angelala bwenini miaka mitatu, na mkataba ulimkataza kuoa mpaka uishe.

"Usije kwa msajili. Baba ameshaweka dole."

"Una hakika? Umemuuliza mzee?"

"Baba yangu haulizwi. Nenda, usije ukakosa na kazi."

"Kwa hiyo niende?"

"Nenda."

Saa saba alikwenda kwa msajili kuchukua cheti chake cha kuzaliwa. Karani alikuwa akichokonoa meno.

"Nyie vipi? Mzee wako amekaa benchi hilo tangu saa tatu, kaondoka sasa hivi."

"Baba? Si alikuja kupinga?"

"Hata mimi alipokuja jana nilidhani hivyo. Kumbe anataka kuwa shahidi wako. Nikamwekesha dole kabisa."

"Mbona hukutupigia?"

"Dada, mimi ni karani, si mjumbe. Chukua cheti chako, nafunga."

Alipiga simu akiwa bado mlangoni. Injini ya basi ilikuwa ikinguruma nyuma ya sauti ya fundi.

"Shuka. Baba hakupinga."

"Nimeshasaini mkataba wa kapera. Cheti changu cha ufundi wamekichukua getini. Nikishuka, wanabaki nacho." Kisha akauliza polepole, bila hasira, "Kumbe hukumuuliza?"

Alirudi kwa miguu, karibu anakimbia, ingawa hapakuwa na cha kuwahi tena. Baba alikuwa amekaa kitandani na shati lake jeupe, vifungo vimefungwa hadi shingoni.

"Nimekosea siku?" baba aliuliza.

Alisimama mbele yake. Kwa kawaida angeinama, angesema hapana baba, angekwenda kuchota maji.

"Hukukosea. Mimi ndiye niliyemwambia aende, baba. Nimekuogopa tangu utotoni. Wewe ukadhani ni heshima, na mimi nikakuacha udhani hivyo."