Boti ya Mwisho Saa Kumi

Gwang-sik alinyoa kipara asubuhi, kwa sababu kesho yake mchana alitakiwa kuripoti jeshini. Kila kijana Korea anaenda, hana ujanja. Jeshi halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba washkaji wake wote walioenda waliachwa na mademu zao hata buti hawajazizoea. Akaapa demu wake, Da-hae, hatamwacha yeye. Akampeleka kisiwani Jamdo.

Januari kisiwa kimekufa. Maduka yamefungwa, baridi inakata masikio, mbwa tu ndio wanazurura. Mgahawa uliokuwa wazi ni mmoja, wa bibi anayepika tambi za chaza, na nyuma ana vyumba vya kulala. Gwang-sik alishampigia simu kimyakimya, akaagiza chumba, sakafu ipashwe moto kwa chini, kama nyumba za Kikorea wakati wa baridi.

Mchezo wenyewe vijana wote wa kule wanaujua. Unamdanganya demu saa ya boti, boti inaondoka, mnalala. Asubuhi kwao wameshajua mmelala pamoja. Basi, huyo wako.

"Kweli boti ya mwisho ni saa kumi na moja?" Da-hae aliuliza huku anapuliza tambi. Alishauliza gatini waliposhuka.

"Mara ngapi? Saa kumi na moja. Kula, acha presha."

Kiangazi, ndiyo. Msimu wa baridi ni saa kumi.

"Vaa kofia basi. Unafanana na kitunguu kilichomenywa."

"Utakililia hiki kitunguu." Akasogea karibu. "Utanisubiri?"

"Tule kwanza."

"Nimekuuliza. Na usidhani kuna mwingine atakutaka, na hivyo vimiguu vyako."

Da-hae alimtazama, akaweka vijiti chini, akajifunga skafu yake nyekundu. "Naenda chooni."

Gwang-sik akajimiminia pombe ya mchele, akamkonyeza bibi. Bibi akaendelea kuosha vyombo. Honi ya boti ilipolia, akatabasamu peke yake. Halafu simu ikaita.

"Uko wapi? Choo gani hicho?"

"Angalia baharini."

Akaangalia dirishani. Skafu nyekundu, nyuma ya boti, inaenda.

"Dada yangu alifanyiwa hivihivi," Da-hae alisema. "Kisiwa hikihiki. Leo ana watoto wawili na mume anayempiga. Wewe ulidhani nimefuata tambi?"

"Ulikuwa utani. Waambie wageuze."

"Nimekuuliza mara mbili. Ungesema saa kumi, ningekusubiri mpaka utoke jeshini. Nilishamwambia mama."

"Sawa, nimekosa. Kesho nikirudi na boti ya asubuhi tuonane, kabla sijaingia kambini."

"Kesho hakuna boti. Wametangaza upepo mkali, siku nzima. Ningekuambia, ila nilidhani ratiba zote unazijua wewe."

Akakata. Gwang-sik akapiga tena, na tena. Imezimwa.

"Bibi, kuna mtu ana boti ya kuvulia anivushe? Kesho nisipofika kambini watanitafuta kama mwizi."

"Na upepo ulioanza huu? Akufie nani?" Bibi akafuta mikono. "Kila baridi napata mmoja wa aina yako, anakaa hapohapo ulipokaa. Ila wa kuripoti jeshini kesho, wewe ndiye wa kwanza. Chumba chako tayari, mwanangu. Sakafu moto kama ulivyotaka."

Godoro lilikuwa limetandikwa, mito miwili imebanana. Bibi akainama, akachukua mmoja, akatoka nao.